Je, Wajua? Maumivu ya saratani, kutoka Langoni

Je, wajua kwamba ukimjulia hali mgonjwa wa Langoni, mtaa wa mji wa kisiwani Lamu, jawabu utakalopata halikuambii kitu? "Alhamdulillahi." Ataisema aliyepata nafuu, na ataisema yule ambaye saratani imeingia uti wa mgongo na usiku kucha hajafumba jicho. Ni imani na ni adabu, hakuna wa kuilaumu. Taabu ni kwamba muuguzi mwenye haraka huandika "hana malalamiko", na lililoandikwa ndilo linalotibiwa.

Je, wajua kwamba vidole vitano vinatosha kulimaliza tatizo hilo? Wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa hata pale ugonjwa wenyewe hauponi, hutumia kiganja katika nchi nyingi za Afrika. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, hakuna maumivu. Kidole kimoja, yapo kidogo. Vidole vyote vitano, ni maumivu yasiyo mfano. Mgonjwa hatakiwi kulalamika, anatakiwa kuinua mkono tu. Bibi ambaye hatatamka neno mbele ya mkwewe atakunyoshea vidole vinne chini ya leso, na heshima ya kila mtu ikabaki palepale. Andika nne. Mpe dawa, rudi baada ya saa moja, muulize tena. Ikiwa bado ni nne, basi dawa haijatosha. Na aulizwe yeye, si mumewe wala mwanawe aliyesimama mlangoni. Jamaa hukisia tu, na kila mmoja hukisia kwa kiasi cha hofu yake.

Je, wajua kwamba si kila mwenye saratani anaumwa? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2016 ulikuta maumivu kwa asilimia 55 ya watu walio katikati ya matibabu, na asilimia 66 ya wale ambao ugonjwa umeenea mwilini. Kwa hiyo theluthi moja ya hao wa mwisho hawakuwa na maumivu. Hesabu hiyo ina upande wake wa hatari. Kivimbe cha titi kisichouma huachwa mwaka mzima kwa sababu hakiumi, na kinapoanza kuuma huwa kimeshakwenda mbali.

Je, wajua kwamba Ibn Sina, aliyefariki 1037, alihesabu aina 15 za maumivu katika kitabu chake kikubwa cha tiba? Alitenga ya kuchoma, ya kubana, ya kuvuta, ya kupwita, ya kutia ganzi na mengine. Daktari wa leo anapouliza "yanaumaje?" hapotezi muda. Maumivu yanayodunda au kukereketa mahali pamoja mara nyingi ni ya mfupa au nyama. Yale ya moto, ya shoti ya umeme, ya siafu wanaotambaa chini ya ngozi, ni ya mishipa ya fahamu iliyobanwa au kuharibiwa. Haya ya pili hayamalizwi vizuri na dawa za kawaida za maumivu peke yake. Huongezewa amitriptilini au gabapentini. Amitriptilini hutumika pia kutibu sonona, na hilo mgonjwa aambiwe mapema, kabla mjukuu hajaisoma karatasi iliyo ndani ya kisanduku na kutangaza nyumba nzima kwamba bibi anapewa dawa ya wazimu.

Je, wajua ngazi ya vipago vitatu? Shirika la Afya Duniani liliichapisha 1986. Kipago cha kwanza ni parasetamoli na ibuprofeni pamoja na jamaa zake. Cha pili ni kodeini au tramadoli. Cha tatu ni mofini. Ngazi hiyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba mganga wa zahanati ya kisiwani angeweza kuishika kichwani, na huko ndiko iliko nguvu yake. Mwongozo mpya wa shirika hilohilo wa 2018 umeilegeza: mgonjwa mwenye maumivu makali hana sababu ya kusimama chini na kupanda kipago kimoja kimoja huku akilia. Aanzishiwe dawa inayolingana na maumivu yake.

Je, wajua kwamba parasetamoli, hii ya kununua dukani, mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya kawaida? Nazo ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wa pwani huzimeza kama njugu, huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo zikitumiwa kwa wiki nyingi. Mofini, inayoogopwa, haifanyi lolote kati ya hayo mawili. (Figo zikiwa zimeshachoka kwa sababu nyingine, mofini hukawia kutoka mwilini, na hapo daktari huipunguza.)

Je, wajua kwamba mofini haina kipimo cha juu kilichowekwa kwa wote? Dawa nyingine nyingi hufika mahali ukiongeza hupati ila madhara. Kwa mofini, kipimo sahihi ni kile kinachoondoa maumivu ya mgonjwa huyu bila kumlevya. Wengi huanzia miligramu 5 kila baada ya saa nne, wazee dhaifu huanzia nusu yake, kisha huongezwa taratibu. Mmoja atatulia kwa 5, wa kitanda cha pili atahitaji 60. Huyu wa pili si mlevi wala si mnyonge zaidi.

Je, wajua kwamba saa za Kiswahili zimekaa sawasawa na dozi hizo? Hesabu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Hata asiyejua kusoma ataishika. Dozi ya kwanza inamkuta mtu ametoka kusali alfajiri. Ile ya saa 12 jioni inatangulia kidogo adhana ya magharibi, na hapa karibu na ikweta magharibi haihamihami sana mwaka mzima. Ya saa 4 usiku, madaktari wengi huagiza iwe maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku kumeza dawa. Kosa linaloumiza watu ni kungoja maumivu yarudi ndipo chupa itafutwe. Baharia anayefua maji kila baada ya muda hufika salama, na anayengoja mashua ijae hatawahi kuyamaliza. Maumivu yaliyoachwa yakapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyateremsha, na kila yanapopanda mgonjwa huzidi kuyaogopa.

Je, wajua kwamba kuna dozi ya pembeni? Maumivu yakichomoza katikati ya saa nne, mgonjwa hupewa dozi moja ya ziada iliyo sawa na ya kawaida yake, na ile ya saa yake haiachwi. Jamaa waandike kwenye daftari. Dozi za pembeni zikiwa tatu nne kwa siku, ndiyo ishara kwa daktari kwamba kipimo cha msingi ni kidogo.

Dozi hiyohiyo ina kazi nyingine kwa watu wa kisiwani: mpe mgonjwa nusu saa kabla ya safari. Mtu aliye na saratani kwenye nyonga, ukamtoa chumbani orofani, ukamteremsha ngazi za mawe, ukampitisha kwenye vichochoro kwa machela au juu ya punda, kisha ukamshusha kwenye ngazi za gati hadi ndani ya boti inayoyumba ya kuvukia Mokowe, bara, na bado basi la Mombasa linamngoja kwa safari ya zaidi ya kilomita 300, huyo mateso yake makubwa ya mwezi atayapata siku ya kwenda kutibiwa. Nusu saa na dozi moja ya dawa hubadilisha safari hiyo.

Je, wajua kwamba mofini ya maji hutengenezwa kwa unga wa mofini, maji, kihifadhi na rangi, basi? Mchanganyiko huo wa bei nafuu ulibuniwa Singapore miaka ya 1980 na daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, akishirikiana na wafamasia wa huko. Alifika Kenya 1990 kuhudumu Nairobi Hospice, ya kwanza ya aina yake nchini, na 1993 akavuka kwenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za miezi mitatu tu. Uganda dawa hiyo hutiwa rangi: kijani kwa ile hafifu, waridi kwa ya kati, bluu kwa kali. Rangi hizo si sheria ya dunia. Chupa uliyopewa Mombasa au Dar es Salaam isome lebo yake, usiitazame rangi.

Je, wajua kwamba Uganda ilikwenda mbali zaidi? Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Kwa nchi ambayo daktari ni mmoja kwa vijiji vingi, hilo lilifungua mlango ambao fedha peke yake zisingeufungua. Tanzania nayo ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo huchanganya mofini ya maji na kuipeleka hospitali nyingine. Rwanda ilianza kutengeneza yake 2014.

Na Kenya? Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto wa Kenya wanaoteseka kwa maumivu yanayotibika, na lilikuta mofini ya kumeza katika hospitali 7 tu kati ya kama 250 za umma. Mambo yamesogea tangu hapo. Vitengo vya tiba shufaa vimeongezeka, Coast Hospice iko Mombasa, na serikali ilitoa sera ya huduma hii ya 2021 hadi 2030. Kwa jamaa wa mgonjwa wa Lamu, swali la maana ni dogo kuliko sera. Kabla ya kuondoka hospitali ya Mombasa, muulize daktari: chupa hii ikiisha, ya pili nitaipata wapi? Je, famasi ya Hospitali ya King Fahd hapa Lamu inayo wiki hii? Swali hilo liulizwe chupa ikiwa nusu, si ikiwa imebaki matone. Wakati wa kusi bahari hukataa, Idi ofisi hufungwa, na mofini haikatizwi ghafla: mwili uliokwisha kuizoea hutetemeka, hutoka jasho, tumbo likachafuka, na maumivu yakarudi yote.

Je, wajua kwamba upungufu wenyewe si wa kukosa mali? Tume ya jarida la Lancet ilieleza 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Wakapiga hesabu ya kuziba pengo lote la dunia kwa mofini ya bei nzuri: dola milioni 145 kwa mwaka. Kwa bajeti za afya za dunia hizo ni chenji.

Je, wajua kwamba mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, huu unaojulikana kwa makatazo yake, unasema kwenye utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kutuliza maumivu na kwamba nchi ziziweke tayari kwa wagonjwa? Nchi nyingi zilishika makatazo tu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo Langoni halizungumzwi kwa sauti. Je, wajua kwamba sababu moja kubwa ya familia za pwani kuikataa mofini ni unga? Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Lamu, Malindi na Mombasa heroini ni kitu gani. Wameona watoto waliokuwa wakisoma madrasa wakiuza masufuria ya mama zao. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uteja wa heroini, ilipofunguliwa Malindi 2015, haikukosa wateja. Halafu daktari anakuja kumwambia mama, ambaye mwanawe mmoja ameshaliwa na unga, kwamba sasa mumewe anywe dawa ya ukoo uleule. Anakataa. Ningekuwa yeye nami ningesita.

Anachopaswa kuelezwa, tena kwa utulivu na si kwa kukaripiwa, ni hiki. Ni kweli, heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Lakini teja huvuta au kujidunga ili kichwa kipande ghafla, na kila siku maisha yake yanazidi kuwa madogo. Mgonjwa wa saratani hunywa dawa inayopanda polepole tumboni, ikakutana na maumivu, na maisha yake yanazidi kuwa makubwa: analala, anakula vijiko viwili vya uji, anawaita wajukuu, anauliza bei ya samaki. Mwili wake utaizoea dawa, ndiyo, kama unavyozoea dawa nyingine nyingi, na ndiyo maana haikatizwi ghafla. Kuzoea kwa mwili na uteja ni vitu viwili. Maumivu yakiondolewa kwa njia nyingine, tuseme mionzi imefanikiwa, mofini hupunguzwa siku hadi siku hadi ikaachwa, na mgonjwa haitafuti.

Hofu ya mama huyo ina nusu moja ya haki kabisa: chupa ile ndani ya nyumba yenye kijana anayetumia unga ni hatari kwa wote wawili. Basi ifungiwe. Kasha lenye ufunguo, mtu mmoja mwenye ufunguo, daftari la kila dozi. Mpimaji atumie bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai, maana vijiko vya chai havilingani.

Je, wajua kwamba siku mbili tatu za kwanza za mofini mgonjwa atalala sana? Nyumba hupata kiwewe: "Wamemmaliza!" Mara nyingi ni mtu ambaye hajalala wiki nzima na sasa maumivu yamemwachia. Mguse, mwite jina. Akiamka, akajibu, akapumua vizuri, mwache alale. Ishara ya kukimbilia hospitali ni nyingine: haamki hata akitikiswa, pumzi ni chache na kila moja hukawia, mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Dawa ya kuizima mofini iliyozidi ipo, inaitwa naloksoni, na hufanya kazi kwa dakika chache. Ikipimwa vizuri na kupandishwa taratibu, mofini haifupishi maisha. Wengi huisingizia kwa sababu wagonjwa wao walipewa siku ya mwisho kabisa, mauti yakiwa mlangoni kwa sababu ya saratani, na chupa ndiyo ikaonekana ya mwisho kuguswa.

Je, wajua kwamba kichefuchefu cha mofini kwa kawaida huisha baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi? Kila anayeanza mofini aanze na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Wapo wagonjwa walioitupa mofini kwa sababu ya choo kilichokauka, wakarudia maumivu ya awali. Mojawapo ya dawa zinazotumika duniani kote kwa kazi hiyo ni sena, na hiyo ni sanamaki, ileile inayouzwa na wauza dawa za asili. Tofauti ni kwamba cha famasi kimepimwa, na cha kuchemsha hujui leo kimetoka kikali kiasi gani.

Je, wajua kwamba kwa anayeweza kumeza, sindano haishindi dawa ya mdomoni? Watu wetu wana imani na sindano. Lakini sindano ya kila saa nne kwa mtu aliyebaki ngozi na mifupa ni adhabu, na humfunga hospitalini wakati angekuwa kwake. Tahadhari moja: kwa uzito uleule wa miligramu, mofini ya sindano ina nguvu kama mara mbili hadi tatu ya ile ya kunywa. Vipimo havibadilishani.

Je, wajua kwamba kodeini haifanyi kazi mpaka ini liigeuze kuwa mofini? Maini hayafanani. Kuna watu ambao hawaigeuzi, wameze wasimeze ni sawa. Wengine huigeuza kwa kasi ya hatari. Utafiti wa 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana vinasaba vya kasi hiyo. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi tena.

Je, wajua kwamba mtoto anayeumwa sana hanyamazi kwa sababu amepata nafuu? Hunyamaza kwa sababu kulia kunamtonesha. Mtoto aliyeacha kucheza, asiyetaka kushikwa, anayetazama ukuta, apimwe maumivu.

Je, wajua kwamba kidonge cha metronidazoli, kile cha amiba na kuharisha, kikisagwa kuwa unga na kunyunyizwa juu ya kidonda cha saratani huondoa harufu? Hili lingestahili safu yake. Saratani ya titi au ya shavu ikipasua ngozi, bakteria wasiopenda hewa hujaa kwenye nyama iliyokufa na kutoa harufu inayojulikana nyumba ya tatu. Nyumba za Langoni hufukiza udi na ubani, na mgonjwa anajua kabisa kwa nini leo chetezo hakizimwi. Wageni hupungua. Mwenyewe hujitenga, hataki kulishwa, hataki watoto waingie. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakatiwa chumvi kidogo na kupozwa, unga wa kidonge hunyunyizwa, chachi safi juu, tena kesho yake. Kwa siku chache harufu hupungua sana. Bandeji ikiwa imegandamana isichunwe kavu, iloweshwe kwanza. Na dozi ya maumivu itangulie nusu saa.

Je, wajua kwamba mionzi ya siku moja tu inaweza kutuliza maumivu ya mfupa? Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kipimo kimoja cha grei 8 huondoa maumivu sawa na mionzi inayogawanywa kwa siku tano au kumi. Kwa mgonjwa anayetoka kisiwani na kulipia malazi, tofauti ya siku moja na wiki mbili ni kubwa. Ni halali kabisa kumuuliza daktari kama hiyo ya siku moja inafaa.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, kisha miguu ikalegea au mkojo ukagoma, hiyo ni dharura ya saa na si ya wiki? Uti wa mgongo unabanwa. Huanzishiwa deksamethasoni mara moja wakati safari ya mionzi inapangwa. Akikawia, miguu inaweza isirudi.

Je, wajua kuhusu chuku, yaani kuumikwa damu, na kukanda? Kukandwa taratibu kwa mafuta ya nazi, miguuni na mikononi, hutuliza watu wengi na hakuna ubaya. Ubaya ni kukandamiza mfupa ulioliwa na saratani, unaoweza kuvunjika, au kukanda uvimbe wenyewe. Chuku kwa mtu aliye kwenye kemotherapi ni jambo la kuuliza daktari kwanza: chembe za kugandisha damu huwa zimepungua, na kinga ya mwili iko chini. Kitambaa cha moto juu ya ngozi iliyoingia ganzi huunguza bila mwenyewe kujua.

Je, wajua kwamba Ramadhani ikifika wagonjwa wengi huacha dozi za mchana? Mgonjwa ameruhusiwa kula, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kulisha maskini. Kila shekhe wa Langoni atakuambia hivyo. Bado wapo wanaotaka kufunga, na kumkemea mtu kama huyo hakusaidii. Ipo mofini ya vidonge vinavyoachia dawa polepole kwa saa 12, ambavyo huweza kupangwa daku na futari, na ipo dawa nyingine ya kubandika ngozini, fentanili, ya siku tatu. Upatikanaji wake ni mgumu na bei yake ni ya juu kuliko ile ya maji, kwa hiyo mazungumzo na daktari yaanze Shaabani.

Je, wajua kwamba jamaa yako anayepita Dubai na tramadoli au kodeini mkobani bila kibali anaweza kufungwa? Falme za Kiarabu na Saudia zinadhibiti vikali dawa hizi. Anayekwenda Umra, au anayepitia huko kwenda India kutibiwa, aombe kibali kabla ya safari, abebe barua ya daktari, na dawa ibaki kwenye kifungashio chake cha asili.

Je, wajua "maumivu kamili"? Ni fikra ya Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii, kisha daktari, na 1967 akafungua St Christopher's Hospice mjini London. Alisema maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Dozi ikipandishwa mara tatu na vidole bado ni vinne, uliza mengine. Deni la dukani. Mtoto aliyegombana naye. Mirathi ya shamba lililoko Hindi, bara ya Lamu, ambayo haijaandikwa. Mdai akiitwa nyumbani wakaelewana, kuna wagonjwa hulala usiku huo kwa kipimo kilekile kilichoshindwa jana.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Kerala nchini India, majirani ndio wanaoendesha huduma hii? Madaktari wa Calicut walianzisha chama cha kutuliza maumivu 1993. Miaka michache baadaye, katika wilaya ya Malappuram yenye Waislamu wengi, ulianza mtandao wa mitaa: watu wa kawaida hupewa mafunzo mafupi, hugawana nyumba za kutembelea, huchangishana fedha ndogondogo, na muuguzi na daktari huitwa pale wanapohitajika. Mwaka 2008 Kerala ikawa jimbo la kwanza la India kuwa na sera ya tiba shufaa. Kazi nyingi za jirani huyo hazihitaji cheti: kuangalia daftari la dozi, kuhesabu vidole, kwenda famasi, kukaa na mgonjwa saa mbili mkewe akalale.

Je, wajua la kufanya na chupa inayobaki mgonjwa akishafariki? Irudishwe famasi ilikotoka, haraka. Haimwagwi uchochoroni wala haiwekwi akiba. Baada ya matanga atatokea jirani mwenye mgongo kuiomba, atasema ni tone moja tu. Asipewe. Dozi ya marehemu ilipandishwa kwa wiki nyingi, na kwa mtu ambaye mwili wake haujaizoea inaweza kumsimamisha pumzi.